Vitrini ya mama haipite mu mulango: bintu vya zamani munaviachaka namna gani?

#1 Kijana_wa_Majengo (Goma)
Jambo bandugu, leo si siasa, mutulie. Mwisho wa mwezi ninahama, natoka mu nyumba ya vyumba vine naingia mu vyumba viwili, batoto bakubwa balishaoa balisambaa, tumebaki miye na bibi na kale ka mwisho. Shida yangu ni vitrini ya mama. Munaijua tu, ile ya mbao nzito yenye vioo vya kusukuma, ndani muko sahani sita za maua ya bluu, bilauri za miguu mirefu, na birika ya chai yenye tangu nizaliwe sijaionaka ikitiwa chai hata siku moja. Mama alituacha 2016. Ufunguo uko kwangu, ungali na kale kautambaa kekundu aliufungaka yeye mwenyewe. Nimepima mulango wa nyumba mpya, sentimita 74. Vitrini, mita moja na 10.

Na haiko yenyewe. Kuko televizyo ya mugongo yenye haiwake, kuko redio kaseti, kuko sanduku ya chuma ya baba, kuko viatu vyangu vya ndoa vyenye miguu ilishavikataa. Bibi anasema tupa. Nikitaka kutupa mukono unagoma. Sasa niulize: sisi batu ba Goma tulikimbia volkano 2002, tukakimbia tena 2021, tuliacha nyumba na kila kitu, kwa nini basi sahani sita zinatushinda?

#2 Tantini_Himbi
Vunja mulango ya mwenye nyumba basi 😂

#3 Kadafi_Ndosho
Masta utupe ju ya nini? Apa Goma akuna takataka. Miye nauzaka esanse (petroli) kando ya barabara, kuko bido (dumu) yangu moja ya manjano, ilianza na mafuta ya kula, ikaenda kuchota maji ya ziwa, ikapasuka chini nikaichoma na plastiki, ikaingia mu kazi ya esanse, sasa nimeikata katikati kuku inatagia mule. Iyo televizyo yako aiwake lakini kuko shaba ndani. Mutu anatupaka kitu ikiwa anajua kesho atanunua ingine. Siye kesho atuijue. Njo ile tu, volkano aina kazi apo.

#4 Mwalimu_Ibanda (Bukavu)
Kadafi nakuheshimu lakini umefupisha sana. Nilikuwa mwanafunzi Goma wakati wa volkano ya Februari 2002 na nakumbuka vizuri, mtu aliyepoteza kila kitu kwa siku moja anarudi anakuwa mchoyo wa vitu, anashika hata kijiko, kwa sababu safari hii anataka awe yeye ndiye anaamua kitu kiende lini. Volkano haikumuuliza. Kwa hiyo Kijana mkono wako haugomi kwa sababu ya sahani.

#5 Mama_Mabanga
Mwalimu pole, haikuwa Februari. Ilikuwa tarehe 17 Januari 2002, siku ya ine (Alhamisi). Miye nilikuwa nashona yunifomu ya shule, nikaona batu banapita na magodoro ku kichwa. Nilitoa kichwa ya mashini ku meza yake nikaifunga mugongoni na shuka sawa mutoto, na mutoto mwenyewe, wa miaka mine, akatembea na miguu anashika nguo yangu mupaka Gisenyi. Hii sikuisemaka sana ju batu banacheka, mama amebeba chuma ameacha mutoto atembee. Lakini nilijua mashini njo itamulisha. Na ilimulisha. Tuliporudi barabara yetu haikukuwa barabara, ni mawe meusi yangali na moto chini, unasimama viatu vinanuka, kiwanja yetu niliijua tu kwa kuhesabu kutokea kanisa, na kanisa lenyewe zilibaki kuta. Tukajenga juu ya mawe, nyumba ya mbao, mashini mbele ya dirisha.

Sasa sikiliza ngisi iliisha. Mashini ilikufa 2011, spea yake ilikosa. Batoto banasema mama uzia ba vyuma, nakataa, nasema hii ilikimbia na miye. Halafu 2021, ile asubuhi ya tarehe 27 Mei banatuambia muhame haraka, miye nilichukua makaratasi, dawa ya presha na chaji ya simu. Mashini niliiacha! Nilifunga kufuli nikaenda Sake sikugeuka. Ndiyo niliporudi naikuta iko pale inaniangalia. Tangu siku ile sijue kama naipenda ao naionea haya.

#6 Mwalimu_Ibanda
Asante mama, 17 Januari, nimekubali. Na hadithi yako inaniharibia hoja yangu kidogo.

#7 Kadafi_Ndosho
Inaiaribu yote mwalimu, si kidogo 😂 Mama apo 2002 alibeba kitu ya kumulisha, 2021 akaacha kitu yenye ailishe. Akili ya soko ile.

#8 Mama_Mabanga
Kadafi na mwenye aliishika miaka kumi imekufa ni nani? Soko pia?

#9 Lushois_Mupole (Lubumbashi)
Bandugu ba Goma munapenda volkano, kila kitu volkano, hata sahani. Huku Lushi volkano haiko na bintu tunashika vilevile. Baba alifanyaka kazi Jesamin, ile kampuni ya migodi, mpaka leo kofia yake ya mugodi inaninginia mu saloni ku musumari, chini yake kalenda. Hakuna anaivaa. Lakini mugeni akiingia anaiona, anauliza, na baba anaanza: kampi yetu, rasioni ya unga, mupira ya siku ya yenga (Jumapili). Vitrini ni vile. Bilauri zile haziko za kunywa, ziko za kusema sisi pia tulikuwaka batu. Ukiitoa mu nyumba unafanya mama arudi maskini.

#10 Tantini_Himbi
Lushois hii ya mwisho imenichoma. Kwetu ilikuwa mafotoi mawili ya kadife, batoto hatuyakalie, ni ya padri na ya mukwe. Padri alikuja mara mbili.

#11 Mwalimu_Ibanda
Tukisema sanduku za chuma, ya baba yangu tuliifungua mwaka jana. Juu magazeti, chini magazeti, katikati mafungu ya zaire, pesa yetu ya zamani, yamefungwa na mpira, mpira umeyeyuka umeshikana na noti. Zile za milioni tano. Mzee aliweka akisema zitarudi. Ndugu yangu mdogo hadi leo hataki zitupwe, anasema huwezi jua.

#12 Komtabl_Kadutu (Bukavu)
Mwalimu niruhusu nimusaidie huyo mudogo. Noti ya milioni tano ilitoka ndani ya inflasyo (bei kupanda) kubwa, Januari 1993 baaskari balilipwa nayo, wafanyabiashara bakaikataa, ikawa vurugu. Oktoba ya mwaka uleule zaire mpya moja ikachukua nafasi ya zaire za zamani milioni tatu. Halafu 1998 franga yetu ikaja, franga moja kwa zaire mpya laki moja. Piga hesabu: unahitaji noti 60,000 za milioni tano kupata franga moja. Na franga moja yenyewe hainunue hata harufu ya sambaza.

#13 Kadafi_Ndosho
Kwa iyo sanduku ina bei kuliko iliyo ndani. Mwalimu uza sanduku.

#14 Mwalimu_Ibanda
Sanduku kuna nguo za abakosti pia, zile suti za enzi ya Mobutu zisizovaliwa na tai, msiniharakishe.

#15 Dada_Nyawera (Bukavu)
Munaongea vitu vya banaume sasa ngojeni. Mu valizi ya mama muko bikwembe (vitenge) 23, pesi za yadi sita, haijakatwa, zingine Hollandais ya kweli zingine za kudanganya nazo. Kila mwaka anazitoa anazianika kivulini anazikunja upya mukunjo mwingine ili zisikatike ku alama, anaweka kipande ya sabuni katikati. Miye pia nilidhania ni ushamba. Januari 2025 benki zilipofungwa Goma, dada yangu kule akakosa namna ya kufikia franga yake, alikuwa na mutoto mugonjwa, aliuza bikwembe vine siku moja, akapata dawa. Tangu hapo simucheki mutu na valizi yake. Haiko kushika vya zamani, ni akiba. Musichanganye.

#16 Kijana_wa_Majengo
Dada asante, ile nimeelewa. Lakini vitrini haiko akiba, nimeulizia fundi mumoja wa huku jirani amesema atanipa dolari 15 ya mbao. Kumi na tano! Na sahani moja imemeguka, mama aliigeuza ile upande uangalie nyuma ili mutu asione. Mupaka leo iko imegeuka vile.

#17 Msafiri_Dar
Habari zenu wakuu. Mimi ni mtoto wa Goma lakini nimekaa Dar miaka saba. Suala hili ni jepesi, weka kila kitu kwenye boksi, andika tarehe juu, ukikaa mwaka mzima hujalifungua basi humo hamna unachokihitaji, gawa bila kuangalia ndani. Mimi nimefanya hivyo na sasa naishi na begi moja.

#18 Tantini_Himbi
Wakuu gani? Huku kuko bakubwa na kuko badogo, weye uko upande gani 😂 Na begi moja ni ju unapanga chumba cha watu.

#19 Komtabl_Kadutu
Msafiri, kwetu sanduku yenye haifunguliwe mwaka muzima njo sanduku ya maana. Karatasi za kiwanja siku gani ulizifunguaka? Gawa bila kuangalia, halafu jirani akikuletea mupaka wake ndani ya jikoni yako utatuambia.

#20 Msafiri_Dar
Nimekubali la karatasi. Lakini TV isiyowaka?

#21 Kadafi_Ndosho
Shaba ndani!! nilishasema

#22 Birere_Chagua (Goma)
Nimesoma yote nikitafuna mahindi. Miye nauzaka chagua (mitumba) Birere, nafungua balo, kwa hiyo bintu vyenye mutu wa Ulaya alivichoka njo vinasomesha batoto bangu, siwezi kusema vibaya juu ya kuachana. Lakini ngoja niwape kisa. Muzee mumoja aliniletea koti yake mwenyewe, ya kijivu, nzuri kabisa, amekonda haimukae tena. Nikamupa dolari 6. Wiki mbili naiuza haijauzika, muzee anarudi, anazunguka zunguka pale, anashika mukono ya koti kama anamusalimia mutu. Nikamwambia baba chukua na dolari 6. Akanipa 8, akasema mbili ni za kulala. Sasa munielezee ile, soko? volkano? heshima?

Ya pili, bale ba Rwanda walipandisha ushuru wa chagua, ikafika karibu dolari 5 ku kilo, basi upande wa Gisenyi batu banashona nguo zao za zamani badala ya kuachana nazo, na banakuja kutafuta kwetu. Bei ya kitu ingine njo inaamua kama ya zamani imechoka.

#23 Komtabl_Kadutu
Haiko 5. Ilikuwa senti 20 ku kilo ikapanda dolari mbili na nusu, 2016. Marekani ikakasirika ikasimamisha nafuu ya ushuru ya nguo za Rwanda ku soko lake 2018. Ingine sawa.

#24 Birere_Chagua
Komtabl weye ulizaliwa na kalkileta mukononi. Aksanti.

#25 Muzee_Katindo
Batoto, salamu. Hoja yenye hamujagusa ni hii: kitu ya marehemu haiko yako. Uko nayo tu. Baba yangu alipofariki, siku ya kuondoa matanga bintu vyake viligawanywa mbele ya ukoo, baiskeli kwa huyu, mukuki kwa yule, miye nikapata abakosti tatu. Munajua abakosti, kila mufanyakazi wa serikali alipashwa kuivaa, kravati ilikuwa mwiko mupaka hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 Aprili 1990 njo ikarudi. Baba aliendelea kuvaa yake hata kisha 1997, alisema shingo yake haijue kamba. Sasa miye nitazitupa kwa ruhusa ya nani? Kijana uko na bandugu? Uliza kwanza bandugu, mukono wako unagoma ju unajua haujauliza.

Ila nitasema na hii, mbili nilizitunza, ya kijani mutoto wangu aliniomba ya mutamba (mchezo wa kuigiza) wa shule, fundi akaikata, mufukoni tukakuta ile makaro (beji) ndogo ya chama yenye uso wa Mobutu, kutu imekula sikio. Siku ya mutamba mutoto akasimama mbele na abakosti ya tate yake, anachezea Mobutu, na fimbo ya ufagio. Ukumbi ulicheka. Miye nilitoka inje kidogo nikavuta hewa.

#26 Lushois_Mupole
Muzee aksanti sana. Lakini ukoo ule ule ukiambiwa njoo uchukue vitrini, utaona simu zinazima.

#27 Kijana_wa_Majengo
Lushois uko nabii. Nimemupigia yaya yangu yuko Bukavu. Yaya, naomba nikutumie vitrini. Anasema nyumba yangu iko ndogo. Basi yaya niiuze? Akalia! Akasema utauzaje mama. Basi ikuje kwako? Nyumba iko ndogo. Tulizunguka vile dakika 20, unite zangu.

#28 Tantini_Himbi
Yaya ni yaya tu 😂😂

#29 Siri_ya_Keshero
Miye nasomaka tu sichangiake. Niko na kasweta kamoja ka manjano, kadogo, nilikafuma mwenyewe. Hakukuwa mutoto wa kukavaa. Ni miaka tisa, tumehama mara ine, kila mara nako kanahama. Sitafute shauri.

#30 Mama_Mabanga
Pole mwanangu. Kahame tu.

#31 Dada_Nyawera
Tuko na weye dada.

#32 Msafiri_Dar
Dada Siri samahani, kile nilichosema cha boksi sikuwa na maana hiyo. Nilitaka kusema jambo lingine tu, kuhusu Kijana: piga picha ya vitrini, sahani kila moja, halafu uza. Kumbukumbu unabaki nayo.

#33 Kadafi_Ndosho
Picha zangu zote za ndoa zilikuwa mu simu yenye baliibaka Virunga sokoni. Redio kaseti ya Kijana akuna mutu ataiiba.

#34 Birere_Chagua
Kaseti zenyewe nani ananunua? Niko na balo moja iliingia na kaseti ndani sijue ngisi gani, za kijerumani

#35 Kadafi_Ndosho
Tuma picha

#36 Fundi_Kadutu (Bukavu)
Nimefika nimechelewa, nilikuwa kazini. Jambo kwa bote. Niko seremala miaka 19 na nimesoma tangu juu mupaka hapa, batu banasema volkano, akiba, ukoo, Mobutu, na hakuna hata mumoja ameuliza swali ya fundi. Kijana, mita moja na 10 ni upana. Kina ni ngapi? Kutoka kioo mupaka mugongo?

#37 Kijana_wa_Majengo
Ngoja nipime.

#38 Kijana_wa_Majengo
Sentimita 43.

#39 Fundi_Kadutu
Basi unaigeuza upande inaingia mu mulango wa 74 na weye unapita kando yake ukiwa na soda mukononi. Na tena zile za zamani ziko mbili, ya juu imekalishwa ku ya chini na vipini vya mbao vine, unatoa vioo, munainua batu babili.

#40 Tantini_Himbi
😂😂😂😂 mabandiko 35!!! Kijana!!!

#41 Mwalimu_Ibanda
Subirini, hii ndiyo sehemu ya maana. Mtu wa miaka yake, amehama si mara ya kwanza, anajua kugeuza kabati. Kijana ulitaka mlango ukatae kwa niaba yako.

#42 Kadafi_Ndosho
Ao alipima vibaya tu mwalimu. Batu banapimaka vibaya.

#43 Kijana_wa_Majengo
Sijue. Kweli sijue. Bibi alisoma akacheka mupaka akakaa chini. Halafu akaniuliza, sawa inaingia, kitanda ya mutoto tunaweka wapi? Ju chumba ni mita tatu kwa tatu.

#44 Muzee_Katindo
Chukua ya juu, acha ya chini. Ama kinyume.

#45 Dada_Nyawera
Muzee kugawanya vitrini ni sawa kugawanya ndoa. Kijana sahani ile imemeguka usimupe mutu, zingine tano kula nazo. Leo. Tia hata sombe.

#46 Kijana_wa_Majengo
Tulijaribu jana magaribi, samaki na ugali. Katoto kakauliza kwa nini tunakula mu sahani za mugeni na mugeni haiko. Birika bado sijaigusa.

Yaya amepiga tena. Amesema ameota mama, sasa anataka vitrini ikuje kwake Bukavu na bato, nyumba imekuwa kubwa usiku mumoja. Lakini transpo nilipe miye.

#47 Lushois_Mupole
Hahaha. Bei gani mupaka bandari?

#48 Chukudu_Kibumba
Kama ni Majengo mupaka bandarini niko na chukudu ya kweli, ile ya mbao ya kusukuma mizigo, muti ya mikalitusi, magurudumu nilibadilisha raba mwezi uliopita. Franga 15,000, batu babili ba kusukuma ndani. Vioo utoe, ule mutelemko wa mawe haucheke na kioo.

#49 Kijana_wa_Majengo
12,000.

#50 Chukudu_Kibumba
13, na televizyo ya mugongo naichukua miye.

#51 Kadafi_Ndosho
Ee bwana shaba yangu!!!

#52 Kijana_wa_Majengo
Kuja siku ya posho (Jumamosi) saa moja asubuhi. Leta kamba na blanketi ya zamani kama uko nayo, zangu bibi alishagawa zote.